Siku Moja Maishani Mwangu: Kulinda Kitako cha Nyasi Wakati wa Ukame

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kuwafungulia ng'ombe, ninakwenda na rula kwenye kitalu, yaani kipande cha malisho, walichokula jana. Katika nyasi hizi za kudumu zinazoota kwa mafungu, sikubali masalia yashuke chini ya sentimita 10, kwa sababu akiba ya wanga ambayo mmea utaitumia kuchipua imehifadhiwa zaidi kwenye kitako, yaani sehemu ya chini ya shina, na macho ya kuchipulia yamejificha hapo hapo, karibu na udongo.

Saa 2. Ninawahamishia kitalu kinachofuata na kukagua birika la maji.

Saa 4. Ninachimba fungu moja katika kitalu kilichopumzishwa, ambacho mpita njia angesema kimekufa. Ninapasua kitako kwa kisu: ndani ni cheupe, kigumu, na kinatoa unyevunyevu nikikibonyeza kwa ukucha. Nyasi hii imelala tu. Fungu jingine, la karibu na birika ambako mifugo husongamana, linavunjikavunjika kuwa unga wa kahawia, na mizizi yake haifiki urefu wa kiganja. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba nyasi ikipunguzwa nusu ya majani yake mizizi huendelea kukua karibu kama kawaida, lakini ikipunguzwa asilimia 80 mizizi husimama kukua kwa siku kadhaa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mfugaji anapaswa kulijua, kwa kuwa mizizi iliyodumazwa katika mwaka wa mvua ndiyo inayoshindwa kuyafikia maji ya chini ukame unapoingia.

Saa 7 mchana. Majani mabichi yaliyosalia bondeni yamejikunja kama mkeka. Seli kubwa za upande wa juu wa jani zimepoteza maji na kunywea, jani likajifunga, na vitundu vyake vya hewa vikafunikwa ili maji yasiendelee kupotea.

Saa 10 jioni. Ninakadiria majani yaliyopo katika vitalu ambavyo havijaliwa, kisha ninaondoa nusu, ambayo ni haki ya nyasi yenyewe. Kinachobaki hakitoshi kufikia mvua. Nimeamua kuuza sasa madume na majike wasioshika mimba, wakiwa bado wamenona.

Saa 1 usiku. Ninaandika utaratibu wa mvua za kwanza, kipindi ninachokihofia kuliko ukame wenyewe. Chipukizi la kwanza hujengwa kwa akiba ya kitako. Likiliwa kabla majani hayajairudisha akiba hiyo, mmea huanza upya ukiwa na kidogo zaidi, na ng'ombe hurudia fungu lile lile kwa kuwa ndilo laini. Kwa hiyo mifugo watabaki katika kitalu kimoja wakilishwa nyasi kavu za ghalani, na hakuna kitalu kingine kitakachofunguliwa mpaka mashina yake yawe na majani mapya matatu au manne yaliyokunjuka kikamilifu.