Nilivyohamia upande wa kushoto kwenye kriketi

Kuandika, kula, kurusha mpira, yote nafanya kwa mkono wa kulia. Lakini nikishika gongo la kriketi nasimama kishoto: bega na mguu wa kulia vinamwelekea mrushaji, mkono wa kulia uko juu ya mpini, wa kushoto chini yake. Nilihamia huko baada ya kucheza upande wa kulia kwa miaka kadhaa. Nawaandikia wanaofikiria kugeuka kama mimi, maana wakati ule niliowauliza wengi walinijibu tu, "Utazoea." Kuzoea kupo, ila kuna kazi yake.

Kilichonisukuma ni mkono wa juu. Pigo la kunyooka, lile la kuurudisha mpira ulikotoka, huongozwa na mkono huo. Wa chini ukishika usukani, gongo linapinda na mpira unapaa. Kwa mpigaji wa kulia, mkono wa juu ni wa kushoto, na wangu wa kushoto ni dhaifu. Kocha alinitazama nikihangaika, mwisho akasema, "Hebu geuka." Nikageuka. Mipira ya mwanzo mingi ilinipita, lakini ile niliyoigusa, gongo lilishuka wima lenyewe, kiwiko cha kulia kikiwa juu, bila mimi kulazimisha kitu. Hapo nikaamini.

Na kweli wapo wengi wa namna hii. Mike Hussey wa Australia alizaliwa mtu wa kulia, akajigeuza utotoni kwa jinsi alivyompenda Allan Border, mpigaji wa kushoto wa Australia. Sourav Ganguly wa India naye ni wa kulia, na inasimuliwa kwamba alijifunza kupiga kushoto ili apate kutumia vifaa vya kaka yake aliyepiga kushoto. Matthew Hayden wa Australia, aliyepiga mikimbio (pointi za kriketi) 380 dhidi ya Zimbabwe mwaka 2003, na Alastair Cook wa Uingereza, mwenye mikimbio 12,472 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku nyingi, ni wale wale: kulia maishani, kushoto kwenye wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji.

Habari ya Ganguly ina maana kubwa kuliko unavyodhani. Gongo halina upande, ila glavu zinao: kidole gumba cha mkono wa chini huwekewa kinga nzito zaidi. Pedi ya paja nayo hukaa kwenye mguu wa mbele, ambao sasa ni wa kulia. Ukigeuka, badilisha hivyo kwanza kabla ya kukabili mrushaji wa kasi.

Kazi yenyewe ilikuwa mpira unaokatiza. Warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, na wakitokea upande wao wa kawaida wa wiketi, mpira unakujia kwa mshazari: unatoka upande wa miguu yako, unakatiza mbele yako, unaelekea kwa wadakaji wa slipu, wanaosimama nyuma yako kando ya wiketi. Mikono inatamani kuufuata. Ukiufuata, unaugusa kwa ukingo wa gongo, na mdakaji wa nyuma ya wiketi hana shida kuudaka, nawe umetoka.

Tulilishughulikia hili kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Kocha aliweka koni kidogo nje ya kijiti cha ofu (kile kilicho mbali zaidi na miguu yako), akanitaka nitamke kwa sauti "piga" au "acha" kabla mpira haujanifikia. Mwanzoni sauti ilichelewa, nikawa natamka mpira ukishapita. Nikaacha kusimama kwenye mstari wa kijiti cha miguu (kile cha upande wa miguu), nikasogea hadi kijiti cha kati, na mambo yakabadilika: kichwa changu kilikaa karibu na mstari wa kijiti cha ofu, kwa hiyo mpira wowote uliopita nje ya macho yangu haukuwa unaelekea kwenye vijiti. Huo nauacha bila wasiwasi. Kwa maoni yangu, mpigaji wa kushoto anayejua kuacha mpira ameshavuka nusu ya safari, na sijaona mazoezi yanayofundisha hilo kuliko kutamka kwa sauti.

Mshazari huo huo una faida. Kanuni zinasema mpira uliodunda nje ya kijiti cha miguu haukutoi kwa mguu mbele ya wiketi (yaani kwa kugonga mguu wako ulipokuwa unaelekea kwenye vijiti), na ule uliodunda kwenye mstari mara nyingi unaendelea hadi kupita nje ya ofu. Warushaji wanalijua hilo, ndiyo maana wajanja huzunguka upande wa pili wa wiketi. Mrushaji wa Uingereza Stuart Broad alimtoa David Warner, mpigaji wa kushoto wa Australia, mara 7 katika Ashes ya 2019, mfululizo wa mechi kati ya nchi hizo mbili, akitumia sana mbinu hiyo. Mpira sasa unaingia mwilini, kisha mmoja unanyooka. Mrushaji akizunguka, mimi nafungua mwili kidogo, naondoa mguu wa mbele kwenye njia ya gongo, na kucheza kwa uso mzima kuelekea alipo yeye.

Wazungushaji wa ofu, warushaji wa polepole wa mkono wa kulia wanaozungusha mpira kwa vidole, ndio ninaoendelea kupambana nao. Mpira wao unageuka kunikimbia. Tena, kadiri mechi inavyosonga, nyayo za warushaji wa mkono wa kulia wanaorusha kutoka mwisho wa uwanja ninaosimama mimi huchimbua ardhi nje ya kijiti changu cha ofu, pale pale mzungushaji anapotaka mpira udunde. Mmoja unaruka, mwingine unatambaa. Ninachofanya ni kupiga hatua ndefu hadi mguu uvuke mstari wa ofu, kisha nacheza mpira kabla haujageuka. Ukinigonga pedi nje ya mstari huo huku nikijaribu kuupiga, siwezi kutolewa kwa mguu. Lakini jaribio lazima liwe la kweli: ukificha gongo nyuma ya pedi, na mpira ulikuwa unaelekea kwenye vijiti, mwamuzi ana haki ya kuinua kidole, ishara kwamba umetoka.