Nilivyokusanya nyungunyungu wa Kalinzi kwa ajili ya vinasaba

Nilitaka kujua mashamba ya Kalinzi, mkoani Kigoma, yenye migomba na kahawa, yana nyungunyungu wa spishi zipi, na kama ni haohao walioko kwenye michikichi ya upande wa Ujiji. Tatizo ni kwamba msoma umbo, yaani anayetambua spishi kwa kutazama mwili, humtaka mnyoo aliyekazwa kwa fomalini, dawa ya kuhifadhia viumbe, na fomalini hiyohiyo huharibu DNA, yaani vinasaba.

Nikaamua kumgawa kila mnyoo. Kwanza namlaza kwenye spiriti iliyozimuliwa sana mpaka anyooke. Ukimtia kwenye kali moja kwa moja hujikunja, hapimiki. Nakata kipande cha mkia, nakikamua udongo wote wa utumboni, nakitia kwenye ethanoli ya asilimia 96. Kiwiliwili kinaenda kwenye fomalini. Chupa zote mbili zina namba ileile, kwa penseli, kwenye kikaratasi kinachokaa humo ndani, maana ethanoli hufuta wino. Kesho yake nabadilisha ethanoli, kwa kuwa maji ya mnyoo huizimua.

Upande wa kichwa usiguswe kabisa! Huko ndiko kuna pete nene anayoipata mnyoo akikomaa, na bila hiyo ni vigumu mno kumtambua. Wachanga hawana pete, nao hujaa shimoni. Kwao jeni ya COI, kipande cha DNA kinachotumika kutambua spishi, ni mkombozi: humuunganisha mchanga na mkubwa anayejulikana. Hutenganisha pia wanaofanana. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba Lumbricus terrestris wa Ulaya, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, alikuwa akichanganywa na spishi nyingine, L. herculeus.

Nilichimba mvua zikiwa zimekolea, mashimo ya sentimita 25 kwa 25, kina 30. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, chimba pale yanapomwagwa maji ya jikoni." Kweli walijaa, nikawachukua, ila shimo lile sikulihesabu pamoja na mengine. Ukichagua penye wengi huwezi kulinganisha mashamba.

Kila shamba niliuliza pia miche ilitoka wapi, na kama vijana huleta chambo kutoka kwingine. Nyungunyungu Pontoscolex corethrurus wa Amerika Kusini ameenea nchi nyingi za joto kwa kubebwa na udongo wa mimea, tena huweza kuzaa bila kupandana, hivyo mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo. Majibu hayo yote niliyaandika pembeni ya namba za chupa.