Roboti imeganda: siku yangu na vizibo vitatu vya soda

Saa 11:40 alfajiri. Simu inaita kabla ya alamu. Mzee wa zamu ya usiku: "Mwanangu, imeganda tena." Shikamoo yangu anaiitikia nusunusu, ananiambia niwahi.

Saa 1:10. Kiwandani, Barabara ya Nyerere, Dar. Tunatengeneza vipuri vya pampu za maji. Roboti moja imekaa katikati ya mashine mbili: ya kukereza na ya kutoboa. Inachukua kipande kibichi, inakipeleka kukerezwa, inakihamishia kwenye kutobolewa, inakitoa nje. Nimeikuta imenyanyua mkono na kipande kibichi, mbele ya mlango wa mashine ya kukereza. Ndani kuna kipande kilichokwisha kukerezwa, kinasubiri kutolewa. Na nani? Na roboti hiyohiyo. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa hitilafu. Wanangojana tu, kwa adabu zote.

Mzee anajua dawa yake: toa kipande kwa mkono, bonyeza riseti. Mwezi uliopita aliongeza hata taima kwenye programu, roboti isubiri kidogo kabla ya kuchukua kipande kibichi. Mambo yakatulia. Juzi tukafunga kisu kipya kinachokata polepole zaidi, kuganda kukarudi.

Saa 3. Kikao. Wanataka kujua lini itapona. Basi.

Saa 3:40. Mzee hajataka kwenda kulala. Nimeomba vizibo vyake vya drafti, nikachora mtandao wa Petri, mchoro wa kufuatilia nani anamngoja nani, nyuma ya katoni. Maduara 8 ni hali: roboti huru, kukereza tupu, kukereza ina kipande, na kadhalika. Vijiti 6 ni matukio, mishale inaviunganisha na maduara. Kijiti kinafyatuka pale tu kila duara linalokilisha lina kizibo. Kinakula hivyo, kinaweka vingine mbele. Tunaanza na vizibo vitatu: roboti huru, mashine mbili tupu. Hakuna saa popote kwenye mchoro, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Taima ilikuwa inatufichia kosa, katoni haifichi.

Tukasogeza vizibo, kila njia inayowezekana. Zikatoka hali 12 za mtambo mzima, yaani mipangilio 12 tofauti ya vizibo. Tatu kati yake hazina pa kwenda. Mbili ni hii ya leo, ya kutoboa ikiwa tupu au imejaa. Ya tatu: roboti imeshika kipande kilichokerezwa, na mashine ya kutoboa bado ina chake. Mzee akakitazama kile kizibo. "Hii ilitupata Krismasi. Tukasingizia umeme."

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie. Kijana wa mafunzo ananiuliza Petri ni nani. Carl Adam Petri, Mjerumani. Wazo hili lilitoka kwenye tasnifu yake ya 1962. Anauliza tena kama kila mtambo unaweza kuhesabiwa kwa vizibo. Hauwezi. Ongeza roboti ya pili na mashine nne uone hali zinavyofumuka; hapo unaiachia kompyuta.

Au unatafuta sifoni, yaani kundi la maduara linaloweza kuishiwa vizibo moja kwa moja. Kwetu ni maduara manne: roboti huru, kukereza tupu, roboti imeshika kilichokerezwa, roboti imeshika kilichotobolewa. Kijiti chochote kinachotia kizibo humo, lazima kwanza kitoe kingine humohumo. Kundi likikauka, halijai tena. Roboti ya asubuhi ilikuwa imekauka hivyo.

Saa 8:30. Marekebisho ni mishale miwili tu. Roboti isiguse kipande kibichi kabla ya kuikamata nafasi ya kukereza. Isitoe kilichokerezwa kabla ya kuikamata nafasi ya kutoboa. Nikahesabu upya: hali 9, zote zina njia. Kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, ni masharti mawili. Taima nikaifuta, kwa raha kubwa.

Saa 10:15. Majaribio. Nimepunguza mwendo wa kisu makusudi, nikauongeza, nikaufungua mlango katikati ya kazi. Haikuganda. Bosi wa uzalishaji akapita: "Mbona sasa inazubaa mikono mitupu?" Kweli inazubaa kidogo, zamani ilikuwa inatangulia kuchukua kipande. Nikamwonyesha daftari la zamu, mistari yote ya "riseti". Akaondoka bila kusema lolote.

Saa 12 jioni. Mzee karudi zamuni, macho mekundu. Hakuiangalia roboti kwanza.

"Vizibo vyangu vitatu viko wapi?"

Nilikuwa na viwili mfukoni. Cha tatu tulikikuta juu ya katoni, kwenye duara la roboti huru.