Kutoka Greenwich hadi Dundee: kuzifuata manowari za Kifaransa zilizotekwa

Manowari za Kifaransa ambazo Waingereza waliziteka enzi za matanga huwezi kuzipanda leo. Nyingine zilivunjwa, nyingine zilichomwa, nyingine ziko chini ya bahari. Zilizobaki ni vipande, michoro, na meli zilizoundwa kwa kufuata michoro hiyo. Kwa hiyo safari niliipanga kwa reli, upande wa mashariki wa Uingereza: Greenwich kwanza, halafu Hartlepool, mwisho Dundee. Mfuatano huu una maana. Ukianzia Dundee utaiona meli nzuri, lakini hutajua umbo lake limetoka wapi.

Greenwich kuna makumbusho ya taifa ya mambo ya bahari, na kiingilio cha kawaida ni bure. Humo imehifadhiwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya manowari ya Kifaransa Duguay-Trouin, pamoja na sanamu ya omo, yaani ya mbele. Meli hiyo ya mizinga 74 iliundwa Rochefort kwa michoro ya mbunifu wa meli wa Kifaransa, Jacques-Noël Sané, na kushushwa majini mwaka 1800. Katika vita vya Trafalgar, ambako Waingereza waliwashinda Wafaransa na Wahispania tarehe 21 Oktoba 1805, iliponyoka. Tarehe 4 Novemba kikosi cha Kiingereza cha Sir Richard Strachan kiliikamata karibu na rasi ya Ortegal, Hispania, ikaitwa Implacable. Mwaka 1808 ilipigana na Warusi bahari ya Baltic, na mwaka 1840 ilikuwa pwani ya Shamu. Baadaye ikawa meli ya mafunzo. Tarehe 2 Desemba 1949 ilivutwa hadi baharini ikalipuliwa makusudi, bendera za nchi zote mbili zikipepea. Uamuzi ule ni hasara isiyofidika, maana ukiacha manowari ya Kiingereza Victory hakukuwa na meli nyingine ya Trafalgar iliyosalia.

Meli iliyotekwa ilikuwa na kazi nyingi kabla haijapewa bendera mpya. Mahakama ilithibitisha kuwa ni mateka halali, mafundi wakaikagua, serikali ikainunua. Ikiingia gudi, yaani mahali pa kutengenezea meli, fundi alipima ubavu kwa vituo vilivyopangwa kuanzia omo hadi tezi, kisha akachora umbo lake kwa kipimo cha robo inchi kwa kila futi, yaani 1:48. Lazima achore mara tatu: ubavuni, kutoka juu, na kutoka mbele na nyuma. Idadi kubwa ya michoro hiyo ya asili inatunzwa Greenwich, na ndiyo mali hasa ya makumbusho yale.

Mizinga ilikuwa taabu. Ratili ya Kifaransa ilikuwa na gramu 489 hivi, ya Kiingereza 454. Risasi ya Kifaransa ya ratili 18 ilikaribia kilo 8.8, ya Kiingereza kilo 8.2. Risasi ya Kifaransa haiingii katika mzinga wa Kiingereza, na ya Kiingereza hucheza ndani ya mzinga wa Kifaransa, nguvu ya baruti ikapotea pembeni. Njia ya kudumu ilikuwa kutoa mizinga yote na kuweka ya Kiingereza.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mwili wenyewe. Meli za Kifaransa zilikuwa ndefu na nyepesi, mbao zake nyembamba, na vishikizo vya boriti za sitaha vichache. Zilikwenda mbio. Lakini Waingereza walikuwa wakizuia bandari za adui kwa miezi mingi, kiangazi na baridi, na meli ndefu hulegea: mawimbi huinua katikati, ncha mbili hushuka, mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unapinda. Mbao zikisogea, kalafati inayoziba mianya hutoka na maji huingia. Ukipakia maji ya kunywa na chakula cha miezi mingi, meli huzama zaidi na milango ya mizinga ya chini hukaribia mawimbi. Tena palipokuwa na bolti za chuma chini ya mabati ya shaba, maji ya chumvi yalizila. Ndiyo maana meli nyingi zilizotekwa zilikaa muda mrefu gudini.

Kwenda Hartlepool kuna treni chache za moja kwa moja kutoka King's Cross. Ukizikosa, pita Newcastle. Pale imefungwa manowari ya Kiingereza Trincomalee, iliyoundwa Bombay kwa msaji na kushushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817. Fundi mkuu alikuwa Jamsetjee Bomanjee Wadia. Umbo lake limetokana na Hébé, manowari ya Sané iliyotekwa tarehe 4 Septemba 1782. Manowari ya Kiingereza Rainbow iliifukuza na kurusha risasi kubwa za mizinga mifupi. Nahodha wa Hébé alidhani anakabiliana na meli kubwa zaidi, akasalimu amri mapema. Meli haikuumizwa sana, na michoro yake ilizaa manowari nyingi za Kiingereza.

Hata michoro ya Trincomalee ina mkasa wake. Nakala ya kwanza ilipelekwa Bombay ndani ya manowari Java, ambayo nayo ilikuwa Renommée ya Wafaransa, iliyotekwa karibu na Tamatave, Madagaska, mwaka 1811. Wamarekani waliiangamiza Java mwishoni mwa 1812, ikabidi nakala nyingine ipelekwe. Bahari yetu ina mfano mwingine: Sybille, mateka ya 1794 yenye umbo la Hébé, iliingia Mahé, Ushelisheli, mwaka 1801 ikaiteka manowari ya Kifaransa Chiffonne wakati mlingoti wa mbele wa Chiffonne ukitengenezwa. Chiffonne nayo ilitumiwa na Waingereza Ras al-Khaimah, Ghuba ya Uajemi, mwaka 1809.

Ndani ya Trincomalee, shuka hadi ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya meli, kabla ya kutazama mizinga. Sitaha ya mizinga ina urefu wa mita 46 hivi na upana wa karibu mita 12. Ukiwa chini unaona jinsi mataruma, yaani mbavu za meli, yanavyobana taratibu kuelekea tezi, maji yapite bila kukokota usukani. Mkono huo ni wa Sané. Msaji ni wa Bombay: mwaloni una asidi inayokula chuma, msaji una mafuta yanayokihifadhi.

Kwenda Dundee, badili treni Newcastle na ukae upande wa kulia uione bahari. Manowari Unicorn, iliyoshushwa majini Chatham mwaka 1824, ni ya ukoo uleule wa Hébé. Haikuwahi kuwekwa milingoti. Iliezekwa paa, na paa ndilo lililoiokoa. Ngazi zake ni za wima na boriti ziko chini, basi vaa viatu visivyoteleza na uinamishe kichwa.

Humo utaona Waingereza walivyotibu udhaifu wa umbo waliloliiga. Mbunifu wa meli wa Kiingereza, Robert Seppings, aliacha tezi bapa yenye vioo, kwa sababu risasi iliyopigwa pale ilipita sitaha nzima hadi omo. Akaweka tezi ya mviringo inayobeba mizinga. Vishikizo vya boriti ni vya chuma, na ubavuni kuna pau za chuma zilizowekwa mshazari. Mbao zilizopangwa wima na mlalo pekee huweza kuteleza na kubadili pembe. Pau ya mshazari huzuia pembe hiyo isibadilike, na mkuku haupindi.