Takwimu za uhalifu Mbeya na majirani zake: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 9

Wiki ya 1–3: kuzitoa namba kwenye PDF

Mradi huu unazihamisha namba za uhalifu kutoka kwenye ripoti hadi faili moja la jedwali. Ripoti za uhalifu za Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinasomeka, lakini namba iliyo ndani ya PDF haijumlishiki wala haichoreki. Kurasa zilizochapwa moja kwa moja, Tabula (programu ya kutoa majedwali kwenye PDF) inazimudu. Zilizoskaniwa zinapitia Tesseract (programu ya kusoma maandishi kwenye picha), picha ikiwa na nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo 8 inasomwa 3, na 1,204 inakatika kuwa 1 na 204 katika safu mbili.

Kinga ni moja: jedwali haliingii kwenye hifadhi mpaka safu zake zifunge, yaani zilingane, na jumla iliyochapwa. Zisipofunga, rudi kwenye ukurasa. Kosa likiwa la ripoti yenyewe, namba inaachwa ilivyochapwa na maelezo yanaandikwa pembeni. Deshi nayo si sifuri: deshi inaachwa tupu, sifuri inaandikwa 0.

Wiki ya 4–7: mipaka

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu, na ndipo ramani nyingi zinapodanganya.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2012 iliihesabu Mbeya ya zamani watu 2,707,410. Ya 2022 imeihesabu Mbeya ya sasa watu 2,343,754. Chukua mfano wa makosa 5,000 ya mwaka mmoja wa karibuni: ukigawanya kwa idadi ya 2012 unapata 185 kwa kila watu 100,000, ukigawanya kwa ya 2022 unapata 213. Mkoa unaonekana mtulivu kwa sababu tu wakazi wa Tunduma na Vwawa, miji iliyo Songwe sasa, bado wamehesabiwa humo.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudi nyuma na kuzitoa wilaya zilizohamia Songwe, yaani Mbozi, Momba na Ileje, kwenye takwimu za Mbeya za kabla ya 2016. Haliwezekani kikamilifu, kwa kuwa Wilaya ya Songwe ilitoka ndani ya Chunya, na namba za Chunya ya zamani hazikutenganishwa. Kwa hiyo mfululizo mrefu wa miaka unaunganisha mikoa yote miwili mpaka leo (watu 3,688,441 mwaka 2022), na Mbeya peke yake inaanza baada ya mgawanyo. Iringa na Njombe, zilizoachana 2012, zimefanyiwa vivyo hivyo.

Tena mkoa wa kipolisi si lazima ulingane na mkoa wa kiutawala. Polisi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wana mstari wao kwenye majedwali, hivyo wizi wa kwenye stesheni zake usitafutwe kwenye mstari wa Mbeya.

Wiki ya 8: kata

Ngazi ya kata ndiyo wananchi wanayoitaka, na ndiyo yenye hatari. Kijijini, kosa moja la kubaka lililoandikwa na mwezi wake linamtaja aliyetendewa bila kuandika jina. Makosa ya kujamiiana hayashuki chini ya wilaya, kamwe. Kwa mengine, namba yoyote ya 1 hadi 4 inafichwa. Kuficha moja hakutoshi: wilaya ikiwa na 40 na kata nyingine zote zikijumlisha 38, mtoto wa darasa la nne anaijua iliyofichwa. Ficha namba ya kata ya pili pia.

Uingereza wanasogeza kila tukio hadi nukta ya ramani ambayo eneo lake lina anwani nane au zaidi, au halina hata moja. Utaratibu mzuri, lakini kwetu nyumba nyingi hazina anwani ya kutegemea, kwa hiyo kata ndiyo mwisho. Namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha polisi), jina na mtaa haviingii kwenye faili hata la ndani.

Wiki ya 9: faili lenyewe

CSV (jedwali la maandishi matupu), herufi za mfumo wa UTF-8, mstari mmoja kwa kila mwaka, eneo na aina ya kosa. Safu: mwaka, eneo, aina, yaliyoripotiwa, idadi_ya_watu, chanzo, ukurasa, maelezo. Safu ya ukurasa ni ya lazima; bila hiyo hakuna wa kukusahihisha.

Neno ni “yaliyoripotiwa”, si “yaliyotokea”. Ng'ombe walioibwa Mbarali na kesi ikaishia kwa mtendaji hawana RB, na kata iliyo jirani na kituo itaonekana mbaya kuliko iliyo mbali nacho.

Yaliyobaki: maombi ya maandishi ya takwimu za robo mwaka kwa wilaya, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye muda wa majibu wa siku 30. Ombi litaje jedwali, mwaka na muundo wa faili. Ukiomba “takwimu za uhalifu” tu, utaletewa PDF nyingine.