Mstari Usiopinda

Januari 2022, katika maabara moja ya Stuttgart, nilikabidhiwa unga wa aina tatu nitengeneze vidonge vya kupima jinsi vinavyopitisha umeme vikipozwa: oksidi ya lantani na kaboneti ya strontiamu, zote nyeupe, na oksidi ya shaba, nyeusi tii. Lantani ina hila zake. Oksidi yake ikikaa wazi hunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo ukiipima bila kuioka utakuwa umepima na maji. Niliioka usiku kucha, nikasaga vyote kwenye kinu cha akiki hadi mkono ukafa ganzi, nikavishindilia vidonge na kuvirudisha tanurini. Vilitoka vyeusi, havina mvuto wowote.

Kimoja hakikuwa na strontiamu hata chembe. Hicho kilikuwa kimenivuruga akili tangu shahada ya kwanza. Kila atomu yake ya shaba ina elektroni moja isiyo na mwenza, na kwa nadharia ya kawaida kitu cha namna hiyo lazima kipitishe umeme. Hakipitishi. Sababu yake aliieleza mwanafizikia Nevill Mott: elektroni zinasukumana mno, mbili haziwezi kukaa pamoja kwenye atomu moja. Ni daladala la levo siti, lile la Dar enzi za korona: kila kiti na mtu wake, kusimama marufuku, basi hakuna anayehama. Ukipunguza lantani ukaweka strontiamu, inayotoa elektroni moja pungufu, abiria wachache wanashuka na waliobaki wanaanza kubadilishana viti.

Kidonge nilichokuwa nakisubiri ni chenye mashimo 15, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, kwa kila atomu 100 za shaba. Nilikibandika nyaya nne kwa rangi ya fedha, mbili za nje zipeleke mkondo, mbili za ndani zisome volti, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie kwenye hesabu. Kisha nikakishusha taratibu kwenye mtungi wa heliamu ya kimiminika, yenye baridi kali mno, kipoe.

Dada akapiga simu kutoka Tanga.

"Umekula?"

"Bado dada, napima."

"Na hicho unachopima kitatusaidia nini?"

Ningeweza kumtajia mashine za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili, ambazo sumaku zake hupitisha umeme bila ukinzani, akaridhika. Lakini sumaku zake hutumia nyaya za niobi na titani, si oksidi hizi za shaba zinazovunjika ovyo. Nikamwambia bado tunajifunza tu.

"Haya, kale kwanza."

Sikwenda. Wenzangu walikuwa wamesogea kwenye kioo cha kompyuta kuisubiri sifuri. Chini kidogo ya kelvini 40, kama nyuzi 233 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani uliporomoka, ukatoweka kabisa, wakapiga makofi. Sikuwalaumu, ila jambo lenyewe, oksidi ya shaba kupitisha umeme bila ukinzani wowote, wanafizikia Bednorz na Müller walilianzisha mwaka 1986 karibu na Zurich, wakitumia bariamu badala ya strontiamu, na mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sehemu ya grafu iliyotangulia. Waya wa shaba ukiupoza, ukinzani wake hushuka, halafu huacha kushuka: mtikisiko wa atomu umetulia, kilichobaki ni kasoro za waya tu. Kidonge changu hakikufanya hivyo. Kuanzia joto la chumbani ukinzani ulishuka kwa mstari ulionyooka, bila kupinda popote, hadi pale ulipoporomoka. Wapo waliopima oksidi za aina hii kwenda juu, kupita kelvini 1000, na mstari haukuonyesha dalili ya kuchoka.

Profesa akaweka rula kwenye kioo. Nikamuuliza kwa nini iko hivyo.

"Nadharia ninazo nyingi," akasema. "Ingekuwepo ya kweli, ningekuwa nayo moja."

Nikaomba nipime tena kidonge kikipata joto. Mstari ulipanda kwa njia ileile. Kwenye ripoti niliupa ukurasa mzima, na ile sifuri nikaichorea kisanduku kidogo pembeni.