Mapigo 110

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa nesi kwenye kambi ya kusafisha ghala la viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu, vilivyoisha muda, swali lao huwa moja: wangapi walikula sumu? Nikiwajibu kwamba wengi walioishia kwenye kitanda changu walikuwa wamezidiwa na joto, wananitazama kana kwamba nimewapunja hadithi.

Ilikuwa miaka ile ya mpango mkubwa wa kuondoa viuatilifu chakavu barani Afrika, ulioanza 2005, na Tanzania ilikuwa kwenye kundi la nchi za kwanza. Ghala letu lilikuwa wilaya moja ya kusini, bati limetoboka, sakafu imelowa. Ndani kulikuwa na DDT ya unga kwenye magunia yaliyooza, madebe yenye lebo zilizofutika, salfa ya mikorosho iliyogandamana, na mapipa yaliyovimba ambayo hakuna aliyetaka kusimama karibu nayo. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamishia kila kitu kwenye mapipa mapya, kuyafunga, kuyapima na kuyaandika, kisha yasafirishwe kwenda kuteketezwa nje ya nchi kwenye matanuru maalumu. Vijana walioifanya walikuwa vibarua wa hapo hapo kijijini, pamoja na mafundi wachache waliokuja na mkandarasi.

Ukiwaona wamevaa ungesema hawa hawapatwi na lolote. Ovaroli isiyopitisha hewa, buti za mpira, glavu mbili mbili, mikono imezungushiwa utepe, barakoa ya uso mzima yenye vichujio. Tatizo ni kwamba nguo inayozuia sumu isiingie inazuia pia jasho lisikauke. Mwili unatoa maji, maji yanajaa ndani ya buti, na joto linabaki pale pale. Mtu mwenye afya, aliyelima tangu utotoni, anaweza kulegea kabla saa moja haijaisha. Na akilegea akiwa amebeba gunia la unga juu ya mbao mbovu, hapo ndipo barakoa inapomvuka usoni.

Benchi langu lilikuwa chini ya turubai, upande safi. Zamu ikitoka, kila mmoja akishavuliwa anakaa mbele yangu. Kabla hajagusa maji namwekea kipimajoto chini ya ulimi, nashika kifundo cha mkono na kuhesabu kwa nusu dakika, kisha nazidisha mara mbili. Mwongozo tuliofuata ni wa Kimarekani, wa 1985, na nauona wa maana hadi leo kwa sababu hauhitaji mashine. Mapigo yakizidi 110 kwa dakika mwanzoni mwa mapumziko, zamu inayofuata inakatwa theluthi moja na mapumziko yanabaki vilevile. Joto la mwili likipita nyuzi 37.6, hivyo hivyo. Likipita 38.1, hakuna kuvaa ovaroli tena mpaka lishuke. Asubuhi na jioni tulipanda mizani, maana mtu hatakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni gramu 900, na zinaisha upesi kuliko unavyodhani.

Vijana walinijua upesi. Wakaanza kusukutua maji baridi njiani kabla ya kufika kwangu ili kipimajoto kidanganye. Kijana ana uso mwekundu, macho yanaelea, kipimajoto kinasema 36. Basi namshika mkono: 128. Mapigo hayahongeki.

Sikuwalaumu. Walilipwa kwa siku, na mwanzoni nyapara aliandika nusu siku kwa kila aliyeambiwa apumzike. Ukimkata mtu hela kwa sababu amekuambia anaumwa, umemfundisha kunyamaza. Nilimwambia mkandarasi kwamba nitaacha kujaza daftari lake kama malipo yatafuata vipimo vyangu. Alinuna siku kadhaa, kisha akalipa siku nzima. Kati ya vifaa vyote vya usalama vilivyoletwa pale kwa makontena, sidhani kama kuna kilichofanya kazi kuzidi uamuzi huo.

Kisha ikaingia Ramadhani. Kijana mmoja mpole akaniamkia, akasema, "Mama, mimi nimefunga, lakini nina nguvu, niandike niingie." Nikamwambia, "Mwanangu, nguvu ninaziona, maji ndiyo siyaoni." Kumlazimisha mtu afungue si kazi ya nesi, na kumwingiza ndani ya ovaroli ile bila tone la maji ni kumuua. Tulichofanya ni kuwahamishia waliofunga upande safi: kubandika lebo, kupima mapipa yaliyokwisha kusafishwa, kuandika orodha, kulinda lango. Wakristo na wale wasiofunga wakaingia ndani, wakianza alfajiri na kutoka kabla jua halijawa kali. Kazi ilikwenda polepole mwezi ule. Makao makuu walilalamika kwa barua pepe, kutoka ofisini kwenye kiyoyozi.

Ndevu nazo zilileta mjadala. Barakoa ya uso mzima haishiki vizuri juu ya ndevu, hewa chafu inapenya pembeni. Mzee mmoja hakuwa tayari kunyoa, na sababu yake ilikuwa ya dini. Akapewa kazi ya pampu ya maji, akaifanya vizuri kuliko yeyote.

Sasa niseme kuhusu sumu yenyewe, maana ilikuwepo. Kilichonikosesha usingizi ni madebe ya dawa za jamii ya oganofosfeti, viuatilifu vinavyovuruga mishipa ya fahamu, kwa sababu mtu aliyeanza kudhurika nazo anafanana sana na mtu aliyechoshwa na joto: jasho jingi, kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Ukikosea unampa kivuli na maji mtu anayehitaji atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Kwa hiyo kila aliyelegea nilimwangalia macho kwanza. Mboni zikiwa zimebana kama tundu la sindano huku yuko kivulini, mate yanamtoka, machozi yanatiririka, kifua kinakoroma, hilo si joto. Mapigo husaidia pia: joto huyapandisha, sumu hii inaweza kuyashusha, ingawa si kila mara, ndiyo maana sikuyategemea peke yake.

Na mara nyingi sumu haikuwa ikiingia watu wakiwa ndani ya ghala. Iliingia wakati wa kuvua. Mtu amechoka, ana kiu, anataka hewa, anavuta barakoa kwa glavu zilezile zilizoshika debe linalovuja. Tukaweka mtu wa kusimamia uvuaji na hakuruhusiwa kufanya kingine: osha buti na glavu za nje, toa glavu za nje, kunja ovaroli kutoka juu ndani ikitoka nje, toa buti, kisha barakoa, na glavu za ndani mwisho kabisa. Halafu bafuni na sabuni.

Jambo lililowachekesha ni mkojo. Sote tumefundishwa kunawa tukitoka chooni. Mimi nikawaambia wanawe kabla ya kwenda. Ngozi ya kiganja ni nene, inazuia kiasi. Ngozi ya korodani hupitisha sumu hizi kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba, mbele ya wanaume wazima, mimi mama mwenye umri wa mama zao. Walicheka mpaka wakashika matumbo. Lakini kesho yake foleni ya ndoo ilikuwa upande wa kuingilia chooni.

Nguo za ndani hazikuondoka kambini, tulizifua sisi. Kabla ya utaratibu huo kuna waliokuwa wakizipeleka nyumbani, na wake zao wakizifua beseni moja na nepi.

Kipimo cha damu kina siri yake ambayo vibarua hawaelezwi. Oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, na maabara inaweza kukipima. Lakini kiwango cha kawaida kinatofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo namba ya leo haina maana kama huna namba yako ya kabla ya kuanza kazi. Wale waliochukuliwa haraka haraka katikati ya mradi kuziba mapengo, damu yao ya kwanza ilitolewa wakiwa wamekwisha shika madebe. Majibu yao yalirudi, nikayatazama, na sikuwa na cha kuyalinganisha nayo.

Kwa hiyo ukiitwa kazi ya aina hii, iwe ghala la dawa, matangi ya mafuta machafu au betri chakavu, uliza damu itapimwa siku gani na watatafuta nini ndani yake, maana kila sumu ina kipimo chake. Ikiwa jibu ni "baadaye", usivae hiyo ovaroli. Na nakala ya majibu idai kabla ya malipo ya mwisho. Kambi ikishavunjwa, mkandarasi na daftari lake wanaondoka na lori moja.